Hatukuwa Nyasi: Majibu kwa Yanayosemwa Kuhusu Vita vya 1914

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Muthara, Meru, ni nini kilichozua Vita vya Kwanza vya Dunia, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: mwanamfalme wa Austria alipigwa risasi Sarajevo. Mwulize mzee anayefunga mabunda ya miraa karibu na soko, atakuambia hivyo vilikuwa vita vya Wazungu, na fahali wawili wapiganapo nyasi ndizo huumia. Ngoja mwanasiasa ashike kipaza sauti mazishini, utasikia kwamba babu zetu walijitolea kwa moyo mkunjufu kumtetea Mfalme George wa Tano.

Majibu haya yametoka vinywa tofauti, lakini kasoro yao ni moja. Ndani yake hakuna mtu aliyeamua jambo. Risasi ndiyo iliyoamua, au fahali, au ushujaa. Mimi nashikilia kwamba vita vile, tangu Berlin hadi mabonde ya Rufiji, viliendeshwa na watu wenye majina na vyeo waliokaa mezani wakachagua, na mara nyingi wangeweza kuchagua vingine. Nitayapitia madai, mengine kwa kirefu na mengine kwa kupita tu, maana si yote yanayostahili jasho sawa.

"Risasi moja ya Sarajevo ilizua vita"

Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, alimuua Franz Ferdinand na mkewe Sophie tarehe 28 Juni 1914. Hilo halina ubishi. Lakini Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti. Kati ya risasi ile na siku hiyo kuna siku 37, na Princip alizipitisha zote korokoroni. Waliokuwa kazini ni wengine.

Tarehe 5 Julai Kaiser Wilhelm aliwahakikishia Waaustria kwamba Ujerumani itasimama nao hata wakiivamia Serbia. Tarehe 23 Julai Austria iliipelekea Serbia masharti makali ikaipa saa 48 kujibu. Waliyoyaandika walitarajia yakataliwe. Serbia ikajibu kwa unyenyekevu na kukubali karibu yote. Austria ikatangaza vita tarehe 28 hata hivyo. Tarehe 30 mfalme wa Urusi akaamuru jeshi lake lote liitwe. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi, tarehe 3 dhidi ya Ufaransa, na tarehe 4 askari wake wakavuka mpaka wa Ubelgiji.

Mbona Ubelgiji, nchi ambayo haikuwa na neno na mtu? Kwa sababu majeshi ya mataifa yenye viwanda yalisafiri kwa treni, na treni hufuata ratiba. Majenerali wa Ujerumani walikuwa wamepanga kwa miaka mingi kuiangusha Ufaransa upesi kwa kupitia Ubelgiji, kisha kuigeukia Urusi kabla haijamaliza kukusanya watu wake. Dakika za mwisho Kaiser alipouliza kama jeshi lingeweza kuelekezwa mashariki peke yake, mkuu wake wa jeshi, Moltke, alimjibu kwamba mpango haubadiliki. Lakini ratiba ile haikushuka kutoka mbinguni. Ilipangwa na maofisa, behewa kwa behewa, na mfalme akaikubali. Risasi ya Sarajevo iliwapa sababu. Haikuwaandikia mpango.

"Waligombania makoloni ya Afrika"

Dai hili ndilo limejaa katika karatasi za marudio, na mwanafunzi asiache kuliandika kwenye mtihani. Alama ni alama. Tena halikosi chembe ya ukweli. Ufaransa na Ujerumani zilitunishiana misuli juu ya Moroko mwaka 1905 na tena 1911, na kila mara Ulaya ilitoka pale na chuki zaidi.

Ila tazama mambo yalivyokuwa huku kwetu. Uingereza na Ujerumani ziligawana Afrika Mashariki kwa mikataba ya 1886 na 1890 bila kurushiana hata jiwe. Mstari wa mpaka ukatoka pwani, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro, ukaendelea hadi ziwani, na maofisa wa pande zote mbili wakautii. Mwaka 1913 mataifa hayo hayo mawili yalikuwa yakizungumza kwa siri jinsi yatakavyogawana makoloni ya Ureno endapo Mreno angeshindwa kulipa madeni yake. Juni 1914, mwezi ule ule wa Sarajevo, yalikuwa yameafikiana juu ya reli ya Baghdad. Wanaotaka kupigana kwa ajili ya Afrika hawakai kitako kugawana Angola na Msumbiji kwa kalamu.

Kilichowanyima usingizi kilikuwa nyumbani kwao. Kufikia 1913 Ujerumani ilikuwa ikifua chuma cha pua zaidi ya mara mbili ya Uingereza. Tangu 1898 ilikuwa imepitisha sheria ya kujenga manowari, na Uingereza, ambayo chakula chake kingi kilifika kwa meli, ikaona kitanzi. Mwaka 1906 ikazindua Dreadnought, meli iliyofanya manowari zote za awali zionekane kuukuu, na mashindano yakaanza upya. Ujerumani nayo iliitazama Urusi ikijenga reli na jeshi, ikapiga hesabu kwamba miaka michache ijayo haitaiweza. Basi wakubwa wa Berlin wakafikia hitimisho la kutisha: kama vita vitakuja, afadhali vije sasa. Makoloni yalikuja kuwa sehemu ya vita baada ya vita kuanza, na hapo ndipo hadithi yetu inapoingia.

"Afrika Mashariki haikuwa na hiari, mkataba uliiburuta"

Kinyume chake ndicho kweli. Mkataba uliokuwepo ulifungua mlango wa kukaa kando. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na vifungu vilivyoruhusu maeneo ya bonde la Kongo, yaliyopimwa kwa upana hadi pwani yetu, yawe nje ya vita vya Ulaya iwapo pande husika zingekubaliana. Gavana wa Kijerumani jijini Dar es Salaam, Heinrich Schnee, alitaka hivyo. Gavana wa Kiingereza mjini Nairobi, Henry Conway Belfield, naye hakuficha kwamba haoni koloni lake lina haja gani na vita hivyo. Magavana wote wawili walijua jambo moja: Wazungu wakianza kuuana mbele ya Waafrika, na kuwapa Waafrika bunduki za kuwaulia Wazungu, heshima yote ya utawala inayeyuka.

Waliolipindua hilo tunawajua. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ililenga mtambo wa simu za upepo wa Dar es Salaam na kufyatua mizinga. Makubaliano ya kusitisha uhasama ambayo manahodha wa Kiingereza waliyafikia na mamlaka za Dar es Salaam na Tanga yalikataliwa London. Upande wa pili Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amefika koloni Januari ya mwaka ule, alikuwa na mpango wake: kuwavuta Waingereza wengi iwezekanavyo waje kupigana Afrika ili wasiende Ulaya. Gavana wake alisema tusipigane, yeye akapigana. Tarehe 15 Agosti askari wake wakaiteka Taveta, na vikosi vyao vikaanza kutega baruti kwenye Reli ya Uganda.

Novemba Waingereza walileta watu wapatao 8,000 kutoka India kuiteka Tanga. Kabla ya kushuka, nahodha wa manowari Fox aliingia bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano yamekufa. Adui akapewa muda wa kuleta askari kwa treni kutoka kaskazini. Watu wasiofika hata 1,500 wakawarudisha wale 8,000 baharini, nao wakaacha nyuma mamia ya bunduki na mamia ya maelfu ya risasi. Watu hupenda kusimulia nyuki wa Tanga waliowatimua askari wa Kihindi. Nyuki walikuwepo, lakini wasibebeshwe lawama ya Jenerali Aitken, aliyeliongoza shambulio lile.

"Fahali wawili wakipigana, nyasi huumia"

Naiheshimu methali, na mzee anayeitumia simkatizi. Hapa lakini haifai. Nyasi huumia kwa kuwa zimeota pale fahali walipokutana. Meru hakuna fahali aliyekanyaga. Mapigano ya karibu zaidi yalikuwa Taveta, Longido na kando ya reli, mbali mno na Nyambene. Hakuna kombora lililoanguka Tigania. Watu wetu walifuatwa nyumbani wakapelekwa vitani, na bila wao fahali wale wasingesogea hatua.

Hebu tufanye hesabu, maana ndiyo iliyoua. Jeshi la kisasa la 1916 lilihitaji risasi, makombora, dawa, mahema na chakula kila siku. Ulaya vitu hivyo vilibebwa na treni na farasi. Jenerali Jan Smuts alipofika Februari 1916 na kuanza kuwasukuma Wajerumani kutoka Kilimanjaro kwenda kusini, alikuta reli mbili tu katika koloni la Wajerumani, ya Tanga na ya kati, zote zikielekea bara, na daraja baada ya daraja likiwa limevunjwa. Malori yalikwama kwenye matope. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliumwa na mbung'o wakafa kwa makumi ya maelfu. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 50 hivi. Posho yake mwenyewe ilikuwa ratili mbili kwa siku. Akibeba unga kwa mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, amekwisha kula ratili 40, na askari aliye mbele anapokea kumi. Akisogea mbele siku mbili tatu zaidi, mzigo wote umeliwa njiani. Kila maili ambayo Smuts alijisifia kusonga mbele ilidai wapagazi wengine wa kuwalisha wapagazi, na wengine tena wa kuwalisha hao. Hesabu hii makao makuu waliijua. Walichagua kuendelea, na pengo wakaliziba kwa watu.

Upande wa Ujerumani ulikuwa vivyo hivyo. Manowari Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji ikazamishwa Julai 1915. Mizinga yake kumi ikaopolewa, ikawekwa magurudumu na kukokotwa porini kwa kamba na mamia ya Waafrika. Mizinga hiyo, kazi ya viwanda vya Ujerumani, ilivuka Tanganyika kwa misuli. Novemba 1917 Wajerumani walijaribu njia nyingine: puto kubwa lenye injini, L59, lilipaa kutoka Bulgaria likiwa limejaa shehena za Lettow-Vorbeck. Lilifika anga ya Sudan, likaitwa lirudi. Lilikaa angani saa 95 na halikumfikishia hata kidonge cha kwinini. Ajabu ya karne, na bado kijana wa Kinyamwezi mwenye furushi kichwani aliishinda kwa kufika.

Ndiyo maana nasema hatukuwa nyasi. Kama methali ni lazima, basi tulikuwa miguu ya fahali wote wawili. Na miguu ya watu haijisogezi. Kuna aliyewaambia waende.

"Walijitolea kwa uaminifu kwa Mfalme"

Uaminifu upi? Edward Butler Horne, yule ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi, alifungua boma la Meru mwaka 1908. Embu ilitiishwa kwa nguvu mwaka 1906. Vita vilipolipuka, bendera ya Uingereza ilikuwa na miaka sita Meru. Mtoto aliyezaliwa siku ilipopandishwa alikuwa bado hajapewa mbuzi wa kuchunga peke yake. Tuambiwe kwamba katika muda huo vijana wa Tigania walikuwa wamempenda mfalme wa ng'ambo kiasi cha kumfia Lindi?

Wapo waliokwenda kwa hiari, hasa mwanzoni, na sitaki kuwanyang'anya hilo. Wengine walitafuta rupia za kodi ya kibanda. Wengine walijiunga na King's African Rifles, kikosi kilichoanza vita na batalioni tatu na kumaliza na 22, na askari huyu alikuwa na bunduki, mshahara mzuri kidogo na heshima ya aina yake. Mpagazi hakuwa na kimoja kati ya hivyo. Ndiyo sababu serikali ilitunga sheria mwaka 1915 ya kuandikisha wapagazi kwa lazima. Mambo ya hiari hayatungiwi sheria ya lazima. Mshahara wenyewe ulishushwa mwaka huo hadi rupia tano au sita kwa mwezi.

Wimbi kubwa lilikuja 1917. Smuts alikuwa ameondoka Januari akitangaza Ulaya kwamba vita vya Afrika Mashariki vimekwisha, imebaki kufagia. Kilichobaki kilikuwa sehemu mbaya kuliko zote, kusini mwa Rufiji, nchi ya mito na homa. Serikali ya Nairobi ikamteua John Ainsworth kusimamia msako, akazipangia wilaya idadi ya watu wa kutoa, na katika miezi michache watu zaidi ya laki moja wakakusanywa. Afisa wa wilaya alimdai chifu watu kadhaa, chifu akawatuma askari kanzu wake usiku. Chifu aliyeshindwa kufikisha idadi alijua yatakayompata. Aliyeifikisha alijua pia ni nyumba zipi za kuruka, na nadhani hapa ndipo mzizi wa chuki za koo fulani ambazo wazee hawapendi kuzieleza mbele ya wageni.

Kutoka huku nyanda za juu walitembea hadi penye reli, wakapelekwa kambi ya wapagazi ya Nairobi, pale Kariakor ya leo, wakapewa nambari, kisha treni hadi Voi au Mombasa. Wengi walioondoka 1917 walipakiwa melini hadi Kilwa na Lindi. Fikiria mtu aliyekulia kwenye baridi ya Nyambene, hajawahi kuona bahari, ameteremshwa Kilwa wakati wa masika.

"Waliuawa na maradhi, si na vita"

Dai hili linanikera kuliko yote, kwa sababu takwimu zake ni sahihi. Ni kweli risasi ziliua wapagazi wachache. Waliowamaliza ni kuhara damu, malaria na nimonia. Hesabu za serikali zenyewe zinataja vifo zaidi ya 95,000 vya wapagazi upande wa Waingereza, na wataalamu walio wengi wanaona idadi halisi iko juu zaidi. Wapatao 45,000 walitoka katika nchi hii tunayoiita Kenya, na mwanahistoria Edward Paice amekadiria kwamba hao ni mwanamume mmoja katika kila wanane. Mmoja katika wanane, nchi nzima.

Lakini maradhi hayakuwa mvua. Yalikuwa na njia, na njia hiyo ilipita jikoni. Wapagazi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wenye maganda, na mara nyingi hawakupewa muda wala kuni wala sufuria za kutosha kuupika uive. Watu waliozoea viazi vikuu, ndizi, wimbi na kunde walishushiwa chakula hicho matumboni bila mpito. Matumbo yakachubuka, kuhara kukaanza, na mtu anayehara damu akapewa mzigo wake asubuhi kama kawaida. Nguo zilikuwa blanketi moja. Madaktari walihesabika. Oscar Watkins, mkuu wa Kikosi cha Wapagazi, alipiga kelele tangu mapema juu ya upishi, mizigo na wauguzi. Walio juu yake walikuwa na haraka.

Ushahidi kwamba mambo yangewezekana vingine upo, tena uko karibu nasi. Mwaka 1917 Dkt. John Arthur wa misheni ya Kanisa la Skoti, Kikuyu, aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka misheni mbalimbali, wasiotimia 2,000. Walikwenda vita vile vile na kupita nchi ile ile. Tofauti ni kwamba walikuwa na viongozi waliowajua, chakula kilichopikwa na matibabu. Waliokufa kati yao walikuwa wachache sana ukilinganisha na wapagazi wengine. Mbu wa Rufiji hakuwa na desturi ya kuuliza mtu ametoka misheni gani.

Ushahidi wa pili ni Wazungu wenyewe. Batalioni ya Tisa ya Waafrika Kusini ilianza Februari 1916 na watu 1,135. Kufikia Oktoba wenye afya walikuwa 116. Nao walifanywaje? Waliondolewa. Maelfu ya Wazungu wagonjwa walirudishwa makwao kabla ya mwaka kuisha, kwa sababu wakubwa walikiri kwamba nchi ile inaua. Walipokwisha kukiri hivyo, ndipo msako wa 1917 ukaanza huku kwetu. Baadaye ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni aliandika waziwazi kwamba kampeni ile haikugeuka kashfa kwa sababu walioteseka zaidi walikuwa wapagazi, na nani, kwa kweli, anawajali wapagazi.

Wapo waliowajali, na si haki kuwaruka. Mapadri na masista wa Consolata, shirika lile lile lililoleta misheni Tigania, walihudumu katika hospitali za wapagazi. Sista Irene Stefani, Mwitaliano aliyefika Kenya mwaka 1915, aliuguza Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, katika mabanda ambako wagonjwa walilala sakafuni na maiti zikitoka kila asubuhi. Wakikuyu walimwita Nyaatha. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri, na mabasi yalikwenda kutoka Meru yakiwa yamejaa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya huruma yake. Ni machache yanayouliza nani aliwafikisha wagonjwa wale mikononi mwake.

"Lettow-Vorbeck hakushindwa, na askari wake hawakumtupa"

Hapa sitakawia. Kufikia mwisho wa Novemba 1917 alikuwa amelipoteza koloni lote, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji ili apate chakula na risasi za Wareno. Alijisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Kabla ya hapo aliwahi kuwa na maelfu mengi zaidi. Tofauti si waliokufa peke yao, wengi walitoroka. Shabaha yake ya kuipunguzia Ujerumani mzigo Ulaya haikutimia sana, kwani waliomkimbiza miaka miwili ya mwisho walikuwa zaidi Waafrika, ambao Uingereza isingewapeleka Ufaransa kwa vyovyote.

Na alikula nini miaka minne? Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa nchi waliyopita. Ugogoni hilo pamoja na ukame lilizaa njaa iitwayo Mtunya, kati ya 1917 na 1920, na wanahistoria wamekadiria kwamba Wagogo 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Naye Lettow-Vorbeck akalakiwa Berlin kwa gwaride mwaka 1919.

"Vita viliisha Novemba 11, wakarudi, wakalipwa, basi"

Novemba 11 viliisha Ufaransa. Huku kwetu Wajerumani waliingia Kasama siku mbili baadaye, na habari za kusitisha vita zikawakuta bado wanaelekea mto Chambeshi. Wapagazi wengine walirudi 1919, na nyumbani wakaikuta homa ya mafua ya dunia iliyoingia kupitia Mombasa, pamoja na njaa.

Baada ya vita serikali iligawa mashamba. Mpango wa 1919 uliwapa maofisa na askari Wazungu ardhi, nyingine huku jirani, Nanyuki na Laikipia. Mpagazi alipata kipande: cheti chenye alama za vidole, ndani ya kopo la chuma lililoning'inia shingoni. Nairobi zikasimamishwa sanamu tatu za shaba mwaka 1928, mpagazi akiwa mmojawapo. Hana jina. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Utetezi wa kawaida ni kwamba majina hayakuandikwa, walikuwa wengi mno, nyaraka hazikuwepo. Sikubali. Kila mpagazi alikuwa na nambari, na mshahara wake ulihesabiwa mwezi kwa mwezi, kwa sababu jeshi linalochukua watu kwa sheria halina budi kuwaweka kwenye daftari. Vita vilipoisha zikabaki rupia nyingi za watu ambao hawakurudi kuzidai. Utawala wa Nairobi uliomba fedha hizo zitumiwe kwa manufaa ya wenyeji kule walikotoka. London ilikataa: mwenye mshahara hakutokea, basi fedha ni za Hazina. Kodi ya kibanda haikuwa na taabu hiyo. Ilipandishwa baada ya vita, na karani aliyezunguka kuihesabu hakumtafuta mwenye nyumba wala kuuliza nambari yake. Alihesabu mapaa, na paa la mjane lilikuwa paa kama mengine.